Ukimhurumia samaki wako, usimpeleke ziwani

Maandishi ya hotuba kwa wafugaji na wauzaji wa samaki wa mapambo, Mwanza

Ndugu mwenyekiti, wazee wangu, mama zangu na dada zangu mnaofanya biashara hii, na ninyi vijana mliojaa huko nyuma na ndoo zenu: mwadila!

Nimepewa mada ya viumbe vamizi, yaani viumbe wa kigeni wanaoenea na kuharibu mahali walipoingia. Nikiwatazama naona baadhi yenu mmeshakunja nyuso, mnasubiri kugombezwa. Tulieni. Mimi ni mwenzenu. Nazalisha gapi na koi, nauza, nahudumia matangi ya mahotelini, na umeme ukikatika usiku naamka kuyakoroga maji kwa kikombe ili samaki wapate hewa, kama mnavyofanya ninyi. Nitakayosema yanatuhusu sisi wauzaji kuliko mtu mwingine yeyote, kwa hiyo nitayasema kwa lugha ya dukani.

Tuanze na huyo anayekwenda kuwaachia samaki wake ziwani. Akizungumzwa kwenye semina huwa mtu katili asiyejali mazingira. Ninaowafahamu mimi ni watu wapole. Mfikirieni mwalimu aliyepata uhamisho kwenda Songea. Nyumbani ana tangi la lita 200, na ndani yake kuna samaki msafishaji mmoja, yule wa kukwangua mwani kwenye kioo, ambaye sasa ana urefu wa mkono kuanzia kiwiko mpaka vidoleni. Anarudi duka alikomnunua, anaambiwa sisi hatupokei wa zamani. Majirani hawamtaki. Fundi anataka kioo tu, samaki hana haja naye. Watoto wanalia. Basi jioni mwalimu anachukua ndoo anakwenda ufukweni, au hata hafiki ziwani, anaishia kwenye daraja la Mirongo, maana anachomwaga Mirongo kesho kiko ziwani. Anamimina. Samaki anatulia kidogo kwenye tope, anapiga mkia, haonekani tena. Mwalimu anarudi nyumbani moyo mweupe. Kwa hesabu yake hakuua wala hakutupa, amemfungulia mfungwa.

Mtu wa namna hiyo humbadilishi kwa kumtishia faini. Kwanza hakuna anayemwona. Pili, yeye anaamini ametenda wema, na mtu aliyetenda wema hasikii tangazo linalowahusu wahalifu. Ukitaka akusikie, zungumza naye juu ya ileile huruma yake.

Samaki wengi wanaomwagwa ziwani hufa, na hawafi vizuri. Amezaliwa kwenye tangi, amelishwa chembechembe za pakiti tangu anatoka kwenye yai, hajawahi kukimbia kitu. Rangi zake tumezichagua sisi ili aonekane kutoka upande wa pili wa sebule. Sasa amewekwa kwenye maji ya Ghuba ya Mwanza, anang'aa kama taa, na sangara haulizi bei. Wengine maji yenyewe huwashinda, wengine wanakufa njaa polepole. Huo ndio uhuru aliopewa.

Hapo hutokea mjanja mmoja akasema: sasa kama wanaliwa wote, tatizo liko wapi? Tatizo ni yule asiyeliwa.

Mchukueni huyohuyo msafishaji. Dukani ana urefu wa kidole, amebandika mdomo kwenye kioo anakwangua mwani, na mteja anampenda kwa sababu anafanya kazi. Tunamwambia mteja kwamba huyu atakupunguzia usafi. Hatumwambii kwamba aina zinazouzwa sana hufikia sentimita 40 na kupita. Kwao ni mito ya Amerika ya Kusini. Mwili wake umefunikwa vipande vya mfupa vilivyopangana, na mapezi yake yana miba mikubwa inayosimama akikamatwa. Maji yakikosa hewa anapanda juu, anameza hewa, na tumbo lake linaifanya kazi ya pafu. Na wakati wa kuzaliana dume huchimba. Anachimba pango kwenye ukingo wa udongo, lenye kina cha mkono mzima na wakati mwingine zaidi, jike anataga humo, na dume anabaki mlangoni akilinda. Pango moja si kitu. Lakini wakiwa maelfu, ukingo wote unatobolewa mpaka unaporomoka majini.

Mambo haya yametokea Mexico. Kuna bwawa linaitwa Infiernillo, mpakani mwa majimbo ya Michoacán na Guerrero, ambalo lilikuwa moja ya mabwawa yenye uvuvi mkubwa wa maji baridi katika nchi ile. Walichokuwa wakivua ni jamii ya sato, ambao nao, tuseme ukweli, walipelekwa kule kutoka Afrika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyavu zikaanza kupanda zimejaa wasafishaji. Ninyi mliokulia kwenye mialo mnajua kumtoa gogogo kwenye wavu ni kazi gani. Gogogo mmoja aliyesimamisha miba yake anaweza kukupotezea nusu saa na damu juu. Sasa chukua wavu mzima wa samaki wa namna ile, mkubwa kuliko gogogo, mwenye ngozi ya mfupa, na ukimfikisha mwaloni hana mnunuzi. Wavuvi walikata nyavu zao wenyewe ili kuwatoa. Wakampa jina, samaki shetani. Na alikotoka kunajulikana: biashara ya samaki wa mapambo, yaani sisi.

Simtaji ili tumchukie. Ninaye mmoja nyumbani, mkubwa, mvivu, nampenda. Nasema tu kwamba anajulikana duniani kote ni mnyama wa aina gani, na sisi bado tunamuuza kwa mtoto wa darasa la nne mwenye tangi la lita 20.

Lipo neno jingine tunalolisikia kila siku: mmoja tu hawezi kufanya kitu, atazaa na nani? Wafugaji wa gapi chekeni kimoyomoyo hapo mlipokaa. Jike wa gapi akishapandwa mara moja hutunza mbegu za dume mwilini kwa miezi, na huzaa uzao baada ya uzao bila kuonana tena na dume. Ukimwaga jike mmoja mtaroni, umemwaga ukoo.

Lakini gapi ni mambo madogo ukilinganisha na kamba wa marumaru. Huyu ni kamba wa maji baridi mwenye magando, mwili una madoa kama sakafu ya benki. Katikati ya miaka ya 1990, wafugaji wa Ujerumani waligundua kwamba kamba wao wanajaza matangi bila dume. Wote ni majike. Kila mmoja anataga mwenyewe, na watoto wote ni nakala ya mama. Mwaka 2018 wanasayansi walisoma vinasaba vyake vyote na kuthibitisha kwamba ni wa ukoo mmoja, akihusiana na kamba wa kusini mwa Marekani. Hakuna mto duniani unaojulikana kuwa ndio nyumbani kwake. Ni kiumbe aliyetokea ndani ya hobi yetu. Mfugaji akapata mia, akagawia marafiki, marafiki wakapata mia mia, wakachoka, wakaenda bwawani na ndoo.

Kwa huyo, mmoja anatosha kabisa. Na hakuishia Ulaya. Katikati ya miaka ya 2000 alikuwa ameshafika Madagaska, ng'ambo tu ya bahari yetu, akaonekana sokoni Antananarivo, akaenea kwenye mito na mashamba ya mpunga. Madagaska ina kamba wake wa asili ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani, wanaokua taratibu na kuzaa taratibu. Mgeni anakua upesi na haachi kutaga. Wapo Wamalagasi wanaomshukuru kwa sababu ni kitoweo cha bei nafuu, na wapo watafiti wanaosema anakula konokono wa kichocho. Sibishi. Hata sisi hapa Mwanza tuna sangara, aliyemwagwa ziwa hili upande wa Uganda kuanzia mwaka 1954, na viwanda vya minofu vimesomesha watoto wengi wa mji huu, pengine na wako humu ukumbini. Ninachosema ni kwamba faida ya sangara na hasara yake hakuna aliyeulizwa kama anazitaka, na leo ukisema umrudishe alikotoka watu watakucheka. Akishaingia ameingia.

Wenzetu wa Pwani nao wana habari yao, na nitaipita haraka. Mtu anayezamia Mafia au Unguja anamfahamu yule samaki mwenye mistari myekundu na myeupe, mapezi marefu yaliyotawanyika, miba yenye sumu, ambaye kwa Kiingereza wanamwita samaki simba. Kwenye matumbawe ya kwetu yuko nyumbani, wapo wa kumla, wapo wa kumdhibiti, hana makuu. Mwaka 1985 mmoja alionekana Florida, huko Dania Beach. Kisha wakaonekana wengine, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 2000 walikuwa wanasambaa Karibi yote. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba waanzilishi walikuwa wachache sana. Huko Bahama watafiti walilinganisha vipande vya matumbawe vyenye samaki huyu na visivyokuwa naye: baada ya wiki tano, idadi ya vifaranga wa samaki wa asili waliojiunga na matumbawe ilikuwa imepungua kwa asilimia 79 pale alipokuwepo. Samaki wadogo wa kule hawakuwahi kumwona mnyama wa namna ile, hawakujua kama ni wa kukimbiwa. Ni watu wachache waliochoka na matangi yao. Hawakuwa na nia mbaya hata kidogo.

Sasa niwarudishe kwetu, kwa sababu naona mmeanza kudhani haya ni mambo ya ng'ambo.

Konokono. Wapo wauzaji wanaoweka konokono wa manjano kwenye matangi, wazuri, wateja wanawapenda. Konokono hawa ni wa jamii kubwa ya Amerika ya Kusini, na ndani ya jamii hiyo wapo ndugu wanaofanana ambao tabia zao ni mbali kabisa. Mmoja ni mpole. Mwingine ni mla mpunga, na yumo katika orodha ya viumbe vamizi 100 wabaya zaidi duniani. Mwaka 2020 huyo mla mpunga aligunduliwa Kenya, kwenye skimu ya umwagiliaji ya Mwea, kaunti ya Kirinyaga, mahali panapotegemewa kwa mchele na nchi nzima. Konokono huyo usiku anapanda juu ya maji, kwenye bua la mpunga, ukuta wa mfereji au kijiti, anataga fundo la mayai ya waridi, waridi kali ambayo hata mtoto ataiona kutoka barabarani. Mayai mamia kwa fundo moja. Siku zinavyokwenda rangi inapauka, kisha yanaanguliwa na vidudu vinadondoka majini. Miche iliyopandikizwa jana anaikata chini ya maji, na mkulima akiamka anakuta shamba limetoboka viraka. Maji yakikauka anajifukia kwenye tope, anafunga mlango wa gamba lake, anasubiri miezi mpaka maji yarudi. Wakulima wanawaokota kwa mkono, wanaponda mayai, na bado.

Sisemi aliyemfikisha Mwea ni mfugaji wa samaki. Katika nchi za Asia aliingizwa kama chakula na kama pambo, njia zote mbili. Ninalosema ni hili: toka hapa nenda Magu, nenda Kwimba, vuka Shinyanga mpaka Kahama, kote huko ni majaluba ya mpunga. Ukiona kwenye tangi lako mayai ya waridi kali juu ya maji, usimuuze huyo konokono kwa mtu, usimpe rafiki, usisubiri kujua ni ndugu yupi. Ponda mayai, wagandishe konokono mpaka wafe, kisha mwite afisa uvuvi au afisa kilimo wa eneo lako. Najua kuna atakayeniuliza konokono wapole wana kosa gani. Hawana kosa. Lakini mimi nimekaa na wauzaji wazoefu, tukamgeuza konokono huku na huku, na hatukukubaliana ni nani.

Mimea nayo. Gugumaji sina haja ya kuwasimulia watu wa Mwanza. Kitu ambacho vijana wengi hawakijui ni kwamba lilitembea duniani kwa sababu ya ua lake. Kwao ni bonde la Amazon, na watu walilibeba kutoka nchi hadi nchi kupamba madimbwi ya bustani, ua la zambarau, jani linaloelea, nani asilipende? Kwenye Ziwa Viktoria lilionekana mwaka 1989, likateremka na Kagera kila siku, na kufikia mwaka 1998 hivi lilikuwa limefunga ghuba, mialo na bandari. Mitumbwi ilikuwa inashindwa kutoka. Ikabidi waletwe fukusi wenye asili ya huko kwao lilikotoka, wadudu wa aina mbili wanaolila lenyewe tu, ndipo likapungua. Likapungua, sikusema likaisha. Mbegu zake zinakaa topeni miaka mingi zikisubiri.

Na sasa kuna salvinia, jani dogo lenye vinywele, ambalo Waganda wanaliita gugu la Kariba. Wanaliita hivyo kwa sababu bwawa la Kariba lilipofungwa mwishoni mwa 1958, gugu hili lilionekana mwaka uliofuata, na kufikia 1962 lilikuwa limefunika karibu sehemu moja ya tano ya bwawa. Halina mbegu zinazoota. Halizihitaji. Kipande cha kucha kikibaki hai kinatosha kuanza upya. Nalo pia liliuzwa na bado linauzwa kwenye nchi nyingi kama jani la kupambia tangi, kwa kuwa vifaranga hupenda kujificha chini yake. Nimeliona kwenye madimbwi ya bustani kando ya ziwa letu, zuri kweli, mita chache kutoka kwenye maji. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda kuliko ilivyokuwa imewahi kupimwa hadi wakati huo, bustani ngapi za ufukweni zilikuwa chini ya maji? Hapo hata hakuhitajika mtu na ndoo. Kwa hiyo ninyi mnaohudumia mahoteli na nyumba za ufukweni, dimbwi lisikae mahali ambapo mvua kubwa au ziwa linaweza kuliunganisha na maji ya nje. Mwenye hoteli atanung'unika. Mwache anung'unike.

Nimefika mahali panaponigusa mimi binafsi, na naomba mnivumilie, maana hapa sitakuwa mfupi.

Furu, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Wazee wangu waliozaliwa kabla ya miaka ya 1970 mnawakumbuka kwenye kila karai. Ziwa hili lilikuwa na aina 500 hivi za furu, na karibu wote hawakuwa mahali pengine popote. Wa kuvunja konokono, wa kula mwani, wa kunyofoa magamba ya wenzao, hata wapo waliokuwa wanaiba vifaranga kutoka mdomoni mwa mama anayeatamia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi walianza kazi hapahapa kwenye Ghuba ya Mwanza mwaka 1977, wakawa wanawahesabu na kuwapa majina, na mbele ya macho yao, miaka ya 1980, sangara alipoongezeka, wavu uliokuwa unapanda na furu wa kila rangi ukaanza kupanda na sangara na dagaa. Aina zipatazo 200 zinakadiriwa kupotea. Sangara hakuwa peke yake: maji yalichafuka, na furu jike humchagua dume kwa rangi; maji yakiwa na matope haoni vizuri, anachanganya.

Sasa sikilizeni. Baadhi ya aina ambazo hazionekani tena ziwani zilikuwa zimeshachukuliwa zikiwa hai kwenda Ulaya na Marekani, na mpaka leo ziko kwenye matangi ya taasisi za wanyama, vyuo na wafugaji wa kawaida kama sisi. Watu ambao hawajawahi kukanyaga Mwanza wanabadilisha maji kila wiki ili furu wa Mwanza asiishe duniani. Mtu akikuambia hobi hii ni uharibifu mtupu, mwambie hilo. Mimi najivunia.

Na kwa sababu hiyohiyo swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: kwa nini tusiwaombe watuletee jozi chache, tukawarudisha ziwani wenyewe? Hata hilo, hapana. Sangara bado yupo, maji bado ni yale. Samaki aliyezaliwa kwenye kioo kizazi baada ya kizazi amebeba magonjwa ya matangi, amepoteza mambo ambayo hatuyajui. Na furu wanapandana kwa urahisi mno. Ukimleta wa jamii ya karibu kwenye mwamba ambao umebaki na wake wachache, unaweza kummaliza yule uliyekuja kumwokoa. Kazi hiyo ina watu wake, TAFIRI, yaani Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, na wenzao, ikifanywa ifanywe na wao, polepole, kwa vipimo.

Kama mnadhani nazidisha, tazameni Ziwa Nyasa, upande wa Malawi. Kwenye kisiwa cha Thumbi Magharibi, ndani ya hifadhi ambayo ni urithi wa dunia, wafanyabiashara wa samaki wa mapambo walihamishia aina kadhaa za samaki wa mawe kutoka sehemu nyingine za ziwa hilohilo. Samaki wa ziwa moja, nchi moja, hata sheria ya mpaka hawakuvunja. Lakini samaki wale wa mawe hawatembei. Kila kisiwa kina wake, na mchanga kati ya mwamba na mwamba kwao ni kama bahari. Katika miongo michache aina mojawapo ya waliohamishwa ilikuwa imeshapandana na mwenyeji. Kigoma ni vilevile. Mtu wa Kigoma aliyezoea kuzamia atakuonyesha samaki yuleyule wa mawe, huku ana mkanda wa njano, mbele kidogo ana wekundu, mbele tena mweusi mtupu. Mkoba ukijaa samaki ambao mnunuzi wa nje amewakataa, ukawamwaga popote boti ilipo, umechanganya kitu kilichochukua maelfu ya miaka kutengana. Rudisha palepale ulipovulia, siku hiyohiyo, kabla hawajagusana na samaki wa mahali pengine. Kama huwezi, usirudishe.

Sasa, tufanye nini. Wengine wanataka biashara ipigwe marufuku. Mimi siungi mkono, na si kwa sababu ya tumbo langu tu. Ulaya ilikataza mwaka 1997 kuingizwa kwa kobe wa maji mwenye alama nyekundu kichwani, kwa kuwa alikuwa ameshajaa kwenye mabwawa ya mijini. Wauzaji wakahamia kwa ndugu yake mwenye alama ya njano, biashara ikaendelea, mabwawa yakapokea na huyo, mpaka mwaka 2016 ndipo jamii yote ikawekwa kwenye orodha ya wanaokatazwa. Halafu tangazo la marufuku lenyewe humtia mtu hofu, na mtu mwenye hofu ndiye anayebeba ndoo usiku. Florida, baada ya kuumia, walianzisha utaratibu wa watu kusalimisha wanyama wao wa kigeni bila kuulizwa wala kutozwa. Hilo ndilo ninalolipenda.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa sisi wenye maduka. Mteja akirudi na samaki aliyemshinda, tumpokee. Hata kama ni mkubwa, hata kama hauziki, hata kama alimnunua kwa jirani. Gharama yake ni tangi moja kubwa au simtanki iliyokatwa, na chakula kidogo. Tunaweza kuchangiana, duka moja lishike wasafishaji, jingine koi, jingine kobe. Tuna kundi letu la WhatsApp ambalo kazi yake kwa sasa ni kutumiana picha za samaki wa watu wengine. Pili, kwenye kila tangi tuandike urefu wa samaki akiwa mkubwa, kwa tarakimu, karibu na bei. Najua mauzo ya wasafishaji yatashuka. Yashuke. Tatu, anayeagiza samaki hai kutoka nje apite Idara ya Uvuvi achukue kibali. Wenzetu wachache wanaovusha mifuko mipakani wanajijua, na ikitokea balaa hakuna atakayemtafuta mmoja mmoja, tutafungiwa wote.

Na pale ambapo hakuna wa kumpokea samaki, au ni mgonjwa asiyepona, kuna njia ya heshima ya kumpumzisha. Mafuta ya karafuu, yale ya duka la dawa, ya jino. Weka maji ya tangi lake kwenye beseni, samaki atulie humo. Kwenye chupa ndogo changanya mafuta na maji ya vuguvugu, tikisa kwa nguvu mpaka yawe meupe, maana bila kutikisa yanaelea juu na hayafanyi kazi. Mimina kidogo kidogo. Analegea, anainama ubavu, analala. Akishalala mimina mengi, na umwache humo dakika nyingi hata baada ya matamvua kuacha kucheza. Wengi hukosea kwa kumtoa mapema. Kisha mfukie. Usimtupe chooni akiwa hai, na usimtie kwenye friza akiwa hai.

Majani unayopunguza kwenye tangi yaanike juani juu ya bati mpaka yavunjike mkononi, halafu yachome. Maji ya kubadilisha mwagia migomba, usimwage kwenye mtaro. Kwenye maji hayo kuna mayai na vipande usivyoviona, na mtaro wa Mwanza unajulikana unakwenda wapi.

Nimezungumza na wenye maduka wawili kabla ya kupanda hapa, wamekubali kuanza kupokea samaki, nami wa tatu. Daftari liko kwa katibu pale mlangoni, anayetaka kuongeza duka lake aandike jina, anachoweza kupokea, na ukubwa wa tangi alilonalo. Mwenyekiti, nadhani tuna muda wa maswali. Tuanze na yule mama aliyeinua mkono tangu nilipowataja wenye hoteli.